Kumtafuta Dume wa Fukusi wa Pua Pana

Mmeniuliza njiani, mmeniuliza kwenye ngazi za kanisa, na mzee mwenzangu Ta Yonazi aliniuliza hata msibani, tumesimama mbele ya jeneza, kwa kunong'ona: "Eti ulikwenda Kyerwa kukamata wadudu?" Nimechoka. Nikimaliza kumweleza mmoja, anakuja wa pili na habari aliyopewa na wa kwanza, na ndani ya habari hiyo mimi tayari nimeuza kibanja changu cha kahawa na kuoa tena. Kwa hiyo nimekaa nimeandika. Anayetaka kujua asome, na anayetaka kuongeza chumvi aongeze akiwa kwake. Shule yangu mnaijua: niliishia darasa la tatu, mwalimu alipohama na mwingine hakuletwa. Mkikuta herufi imekaa vibaya, irukeni.

Habari za vibali na mihuri siandiki. Dokta alihangaika nazo mwenyewe, mimi nilikuwa nje kwenye benchi.

Ihanda, ubishi ulikoanzia

Kahawa yangu ya nyuma ya nyumba huliwa majani. Hayatobolewi katikati, hapana. Huliwa pembeni tu, kidogo kidogo kuzunguka, mpaka jani linabaki na meno kama msumeno. Mimi siku zote nilisema ni panzi. Basi mwaka jana akaja huyu Dokta, mwanamke wa Tanga, si daktari wa watu bali wa wadudu, amevaa buti za mvua na jua linawaka. Akapiga magoti chini ya mkahawa, akafunua matandazo, akatoka na mdudu wa rangi ya majivu, mkubwa kama punje ya mahindi, amejifanya amekufa.

"Huyu hapa mla majani wako, Babu. Ni fukusi."

"Huyo si fukusi."

"Ni fukusi."

"Fukusi namjua mimi. Anakaa kwenye migomba na ana pua ndefu kama mdomo wa birika. Huyu pua yake fupi, pana, kama ya nguruwe."

"Ndiyo maana. Huyu ni fukusi wa pua pana."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mtu anatoka Tanga anakuja kukufundisha fukusi kwenye kibanja chako! Lakini ana subira yule mwanamke, nakubali. Alinipa lenzi nikamtazama mdudu, akanionyesha mgongoni: yale magamba ya mabawa yamegandana, hayafunguki. Hawezi kuruka. Anatembea kwa miguu maisha yake yote, kwa hiyo wa kilima hiki hamjui wa kilima kile. Hapo nikampenda kidogo yule mdudu. Nilikumbuka sisi wenyewe kabla ya barabara.

Sasa shikeni hili, maana safari nzima imesimama juu yake. Dokta alisema wadudu hupangwa kwa makundi, na kundi moja linaitwa jenasi. Nikamwambia sielewi. Akasema, "Ni kama ukoo, Babu." Basi nikaelewa kuliko alivyotaka. Alisema upo ukoo mmoja wa hawa wa pua pana unaojulikana vitabuni, unaitwa Systates, na kila anayeokota mdudu wa namna hii kwenye kahawa humtupia humo bila kuuliza. Yeye aliwatazama wa kwangu, miguu yao, vipembe vyao vya kunusia, akaamini ni ukoo mwingine ambao haujaandikwa. Akalisema mbele ya wakubwa wake wote. Mkubwa wake akamjibu maneno mawili: "Lete dume."

Maana jike halitoshi. Dume ana kiungo chake tumboni, kidogo kama kope ya jicho, samahani kwa mnaosoma hii mbele ya watoto, na kila ukoo kiungo hicho kina umbo lake. Mimi sikushangaa hata kidogo. Kwani sisi Wanyambo mtoto tunamhesabia ukoo wa nani, si wa baba? Shida ni kwamba tulitikisa kahawa yangu yote, na wote walikuwa majike.

"Hawana waume?" nikamuuliza.

"Wapo fukusi wanaozaa bila dume kabisa."

Nilimtazama. Mimi ni Mlutheri. Nalijua tukio moja tu la namna hiyo, na halikuwa la fukusi.

Aliporudi mwaka huu alikuwa na gari la kuazima ambalo lilitakiwa Bukoba siku ya Ijumaa. Alitaka kwenda Kyerwa, kwenye vilima vyenye mikahawa ya zamani, kumtafuta dume. Akimkosa, mkubwa wake atawaweka fukusi wote kwenye sanduku la Systates na kulifunga, na yeye atanyamaza. Hili alinieleza siku ya kwanza, akanieleza siku ya pili, na kila nilipofumba macho garini alinieleza tena. Mimi nilichukuliwa kwa sababu mbili: Kiswahili cha Dokta hakifiki kwenye vibanja vya bibi vizee wa Kyerwa, na shemeji yangu Adelina, mdogo wa marehemu mke wangu, anakaa huko kupita Rubwera, naye alisema kwenye simu kwamba kahawa yake ina meno kama yangu.

Kayanga, mahali pa kusubiri

Ihanda mpaka Kayanga si safari, mnajua. Mtu anakwenda kusaga na kurudi. Sisi tulikwama hapo Jumanne nzima.

Dereva alikuwa Jasto, kijana wa Bukoba, Mhaya. Nikisema wa Bukoba mmeshaelewa. Alituacha kwenye gari karibu na stendi akasema anakwenda "kuangalia tairi". Tairi zote nne tulikuwa tumezikalia! Dokta akaenda kutafuta spiriti ya kuhifadhia wadudu, duka la kwanza hakuna, la pili wanafunga kwa chakula, la tatu muuzaji anamuuliza anataka kuinywa au kuipaka. Mimi nikabaki na mizigo. Wale vijana wa bodaboda wakaliona gari, wakamwona mzee, wakaona na lile shuka jeupe la Dokta limekunjwa kwenye kiti.

"Mzee, mnasafirisha maiti?"

"Nasafirisha subira yangu, nayo inakaribia kufa."

"Sasa yule mama ni nani yako?"

"Ni Dokta."

"Unaumwa nini?"

Ukimjibu mmoja wanakuja wanne. Mwisho nikasema naumwa masikio, nikafunga kioo, nikapikika humo ndani kama ndizi kwenye majani.

Jasto alirudi jua limeshageuka. Kichwa kimenyolewa kinang'aa, shati jipya jeupe limepigwa pasi. Nikamuuliza habari ya tairi.

"Tairi nzima, mzee. Lakini siwezi kuingia Kyerwa nikiwa kama mtu wa Kyerwa."

Dokta alitazama saa, akatazama lile shati, akapanda. Tukalala Omurushaka, mwendo wa pua na mdomo kutoka pale, kwa sababu ya kunyoa nywele.

Nkwenda, tulipoitwa wezi

Jumatano tukaamka vizuri, nasema ukweli. Ukungu mabondeni, migomba imelowa, nikala chapati na chai ya maziwa nikamsamehe Jasto nusu. Njiani karibu na Nkwenda, Dokta akapiga kelele, "Simama!" Ameona mkahawa wa zamani, mrefu kupita nyumba, majani yote meno meno.

Sasa kazi ya kukamata hawa wadudu iko hivi. Unatandika shuka chini ya mti, unapiga tawi kwa fimbo, fukusi wanajifanya wamekufa na kuanguka. Ni hivyo tu. Lakini hebu nyinyi nyote mnaolima kahawa mniambie, mkimkuta mtu asiyejulikana ametandika shuka chini ya mkahawa wenu na anaupiga fimbo, mtasema anatafuta nini?

Nilimwambia Dokta tutafute mwenye kibanja kwanza. Akasema, "Dakika moja tu, Babu, hawa wanakimbilia ardhini." Fimbo ya pili haijatua, mwanamke akalia kwa Kinyambo kutoka ndani ya migomba: wezi wa kahawa! Ebo! Walitoka watu sijui walikuwa wamejificha wapi. Jasto aliingia garini akafunga milango, na shati lake. Mimi nikabaki na mkono mmoja juu na mwingine umeshika pembe ya shuka, kama mtu anayeanika nguo.

Akaja mwenye kibanja, mzee wa rika langu, panga mkononi. Wala hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Waitu, ndugu yangu," akaniambia kwa Kinyambo, taratibu, "mkahawa huu alipanda baba yangu. Umewakosea nini mpaka mnauchapa?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha shuka: kahawa hakuna hata punje, fukusi wapo. Akainama, akawatazama, akamtazama Dokta na buti zake, akacheka mpaka panga likamponyoka. Mnadhani yaliishia hapo tukaendelea na kazi? Hapana! Sasa tulikuwa wageni, na huo ndio msiba wenyewe. Tukaingizwa ndani. Tukaletewa akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna, tukatafuna. Nikaulizwa ukoo wangu, na wa baba, na wa mama, na huyo mama alitoka kilima gani, mpaka tukampata mtu mmoja aliyekufa zamani ambaye aliwahi kumuuzia babu yake ng'ombe. Dokta alikuwa anatazama dirishani kama mwanafunzi aliyefungiwa.

"Babu, waambie tuna haraka."

"Nikiwaambia hivyo hatutoki leo."

Mwenye nyumba akauliza, "Hao wadudu wanaliwa?"

"Hawaliwi," nikasema.

"Mnatoka Tanga kuja kutafuta wadudu wasioliwa?"

Wake wa nyumba wakasema sisi tukae, tule, wao watatukamatia. Tukala ndizi na maharage, na mimi nakiri ndizi zilikuwa laini, zimepikwa na mtu asiye na haraka. Tulipomaliza ikaletwa sahani ya bati imefunikwa kwa jani la mgomba, kwa mikono miwili, mama amepiga goti. Dokta akafunua. Fukusi wamejaa, wanene, wamepangwa vizuri, na hawana mguu hata mmoja. Vipembe pia hakuna. Walikuwa wamewachambua kama senene wa kukaanga.

"Tumewaondolea miguu," akasema yule mama kwa upole, "msihangaike."

Mimi nilikuwa nimesema hawaliwi! Nilisema kwa Kinyambo safi! Baadaye Jasto akaniambia kwa Wahaya pia ingekuwa hivyo hivyo: mgeni akisema kitu hakiliwi, unadhani anaona haya kuomba. Dokta alishukuru. Akatoa hadubini yake, ile darubini ya kutazamia vitu vidogo, akaiweka kwenye boneti ya gari, akapasua matumbo yao mmoja mmoja mpaka kivuli kikahama. Majike. Wote majike.

Rubwera, bati na mvua

Rubwera nitaieleza kwa kifupi maana sina hamu nayo. Si kosa la Rubwera. Ni mji mzuri wa ofisi, watu wamevaa vizuri, na chai yao ina tangawizi. Kosa ni la mvua, ambayo ilianza tulipofika, na la godoro la gesti, ambalo lilikuwa na bonde katikati. Goti langu la kushoto mnalijua. Alhamisi asubuhi halikukunjika, nikavaa suruali nimelala.

Kwenye mvua kutikisa mkahawa hakufai, fukusi huteremka kwenye matandazo. Kwa hiyo tukaenda kijito kimoja chini ya mji, tukaomba ruhusa kwanza, nimesisitiza mimi, na Dokta akaanza kuchimbua udongo kwa kisu kidogo na kuutazama kwa lenzi. Haya sasa. Mgeni, Kyerwa, anachimba, ana lenzi. Kule watu wanajua kitu kimoja tu kinachochimbwa na kutazamwa hivyo, nayo ni madini ya bati. Kabla ya saa sita tulikuwa na mkutano. Kila mmoja ameleta jiwe lake. Mzee mmoja alileta jiwe alilofungia mlango, anataka Dokta alitazame "upande wa ndani".

"Natafuta wadudu," Dokta akasema.

"Sawa, mama," akajibu yule mzee, akampa jiwe.

Kijana mmoja alisimama nyuma yetu mchana wote. Kila shimo Dokta alilochimba, yeye akapanda hapo kijiti. Sijui mpaka leo kama wamelichimba lile bonde lote. Tulipata fukusi kidogo, majike.

Jioni tulikula chapati kwenye kibanda, Jasto analalamika matope kwenye shati. Dokta hakula. Alikuwa anaivunja ile chapati vipande, anavipanga mezani kwa ukubwa.

"Babu, kesho ni Ijumaa."

"Najua. Umeniambia tangu Jumanne."

"Nikirudi bila dume siwezi kusema neno tena. Si ndiyo wala si hapana. Ningependa hata kukosea, lakini nikosee nikiwa nimemwona."

Nilitaka kumwambia arudi tu nyumbani, mdudu ni mdudu. Lakini nilikuwa nimeanza kumtaka na mimi yule dume, na hilo liliniudhi kuliko godoro.

Kwa shemeji Adelina

Tuliondoka kabla watu hawajafungua milango. Barabara ya kupanda kule ni nyekundu na ilikuwa imelowa, gari likateleza mara mbili, mara ya pili tukateremka kusukuma, Dokta na mimi, huku Jasto akishika usukani na kutupa ushauri. Tukafika kwa shemeji na jua.

Adelina ni mfupi, sauti yake inatangulia. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, hakutupisha.

"Umeona mwenyewe," akamwambia mumewe, Ta Sospeter, ambaye ni mtu wa kutabasamu tu. "Dada yangu tumemzika, huyu bwana hajakanyaga hapa. Leo kaja kufuata wadudu."

"Shikamoo ya Dokta ipokee kwanza, shemeji, mimi utanitukana baadaye."

"Marahaba, mwanangu. Wewe huna kosa. Umepewa mwongozaji mbaya."

Lakini kumbe tangu tulipoongea kwenye simu alikuwa amewakusanya wanawake wa jirani zake, wakawa wanakamata fukusi kwenye kahawa za kilima kizima. Akaleta kapu la mfuniko, ndani kuna majani ya kahawa mabichi, na fukusi wazima, wanatembea, miguu yote ipo! Nilikuwa nimempigia tena simu kutoka Rubwera kumwonya habari ya miguu. Dokta alifurahi mpaka akamshika Adelina mikono yote miwili. Wazuri wale fukusi, wanene, wanang'aa. Hadubini ikawekwa kwenye meza ya sebuleni, karibu na dirisha, sote tukasimama nyuma yake.

Akapasua wa kwanza. Jike. Wa pili. Akaendelea. Ta Sospeter akaacha kutabasamu. Nilihesabu mpaka nikaacha, maana jibu lilikuwa moja. Mwisho Dokta akaweka sindano chini, akasema anakwenda kunawa uso.

Alitoka mlango wa nyuma. Mimi nilibaki nimeketi, nimelikunjua goti, nafikiria jinsi ya kumlaumu Jasto kwa yote. Ndipo nikasikia ukelele. Nikadhani nyoka.

Uani nyuma ya jiko Adelina alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua kundi la mwisho lililoletwa asubuhi ile. Mnene kwenye kikombe. Mdogo, mwembamba, anampiga kwa ukucha, anadondoka chini. Na chini kuku wamejipanga, shingo zimenyooka, kila mmoja anasubiri zamu yake.

"Ma Adelina, unafanya nini?" Dokta akauliza.

"Nachagua."

"Hao wadogo!"

"Ndiyo, vitoto. Nimevitoa tangu juzi."

"Tangu juzi!"

"Sasa nikupe vitoto? Mtu umetoka Tanga, umelala njiani, nikuwekee vitoto kwenye kapu langu? Wataniambiaje?"

Mnaelewa? Dume wa fukusi huyu ni mdogo kuliko jike, na mwembamba. Walikuwapo! Bila shaka na Nkwenda walikuwapo, na nyumba zote mbili waliwatupa, kwa heshima. Nikaikumbuka ile sahani ya Nkwenda, walivyokuwa wanene wote, wamelingana. Nani kati yetu anampa mgeni mkungu mwembamba? Nani anamchinjia kifaranga? Wiki nzima tulikuwa tunapigwa na adabu zetu wenyewe. Niliwahi kukasirika maishani, lakini kukasirikia adabu ilikuwa mara ya kwanza, maana huna wa kumgombeza.

Dokta alijitupa kati ya kuku na ungo. Ungo ukapinduka. Basi hapo ndipo mngetuona: mtu mwenye digrii yuko chini kwa mikono na magoti, Ta Sospeter anafukuza jogoo kwa kofia, Adelina anapiga kelele kwamba sisi ni wendawazimu huku anakamata kuliko sote, na Jasto, ndiyo, Jasto, amelala kifudifudi kwenye matope na shati lake la Kayanga, mkono ameuingiza chini ya banda, anasema, "Ninaye, ninaye, msinisukume." Mimi nilimkabili tetea mmoja mweusi aliyekuwa na fukusi mdomoni. Alinitazama, nikamtazama, akammeza.

Tulipata wadogo watatu.

Tukarudi sebuleni. Sasa mlango ulijaa, wale wanawake wa jirani wote wamekuja. Dokta akanawa mikono, akaikausha vizuri sana, akampasua wa kwanza. Akainama kwenye hadubini.

"Dume," akasema.

Vigelegele! Adelina aliruka kama msichana. Jasto akanikumbatia na matope yake. Nilikuwa nimeanza kumwambia Ta Sospeter kwamba huo ukoo mpya ulianzia kwenye kahawa yangu, Ihanda, na kwamba haki ni haki, nilipoona Dokta hajainua kichwa.

Alikuwa ametoa mchoro wa kiungo cha wale Systates, ameuweka kando ya hadubini. Anatazama ndani, anatazama mchoro. Ndani, mchoro. Vigelegele vikapungua vyenyewe. Akampasua wa pili, akatazama hivyo hivyo. Akampasua wa tatu, na huyo alimtazama muda mrefu kuliko wote, mpaka mtoto wa mtu akaanza kulia mlangoni akatolewa nje.

"Ni walewale," akasema.

"Walewale akina nani?" nikauliza.

"Wa ukoo wa zamani. Systates. Sikuwa sahihi, Babu."

"Tazama tena."

"Nimetazama."

"Huyo labda ni mgeni tu kwenye hicho kilima. Kaja kutembea."

"Na huyu? Na huyu?"

"Ndugu zake. Wamefuatana." Nilijua nasema upuuzi. Lakini nimesukuma gari kwenye matope kwa ajili ya ukoo mpya, nimeitwa mwizi, halafu naambiwa ni walewale? Akanisogezea kiti, nikatazama mwenyewe. Niliona kitu cha rangi ya asali, kimepinda, kimechongoka mwishoni. Kisha nikatazama mchoro. Nilitamani macho yangu yawe mabovu zaidi.

"Labda wanakudanganya," nikasema.

"Hawa wanaume hawadanganyi, Babu."

"Basi ndio wa kwanza," Adelina akasema kutoka nyuma, "na wengine tumeshawapa kuku."

Wanawake waliangua kicheko, nyumba ikatikisika. Dokta naye akacheka. Alianza kidogo, puani, kisha akashindwa, akaegemea ukuta na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na yale machozi mimi sikuyapima, niliyaacha yawe ya kicheko. Ta Sospeter alimletea maji kwenye bilauri.

"Sasa mkubwa wako utamwambia nini?" nikamuuliza alipotulia.

"Kwamba alikuwa sahihi, na kwamba nimewaona."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu, mbele ya walewale nilioongea mbele yao."

Adelina akasema kwa sauti ya chini, jambo lisilo la kawaida, "Mwanangu, kama ungekuta ni ukoo mpya, ungeupa jina langu?"

"Ningeupa."

"Basi usijali. Kuku wangu wameniponza mimi pia."

Dokta akatoa vikaratasi vyake vidogo na kalamu nyembamba. Kila mdudu lazima awe na karatasi yake: ukoo, mahali, nani alimkamata. Muda ulikuwa umekwisha, Jasto ameshaliwasha gari, lakini hakukimbiza mkono. Aliandika jina la kijiji, akamuuliza Adelina kama limeandikwa sawa. Sehemu ya aliyekamata akaandika Adelina. Sehemu ya ukoo ndiyo aliyoiacha mwisho, kwenye vikaratasi vyote vitatu. Kisha akaandika Systates, Systates, na cha tatu, wino ukagoma. Akaipulizia kalamu pumzi ya moto, akaijaribu kwenye kiganja chake, akamalizia. Mimi nilimshikia vichupa. Kwenye mlango wa nyuma kuku walikuwa wamejipanga tena, wanasubiri.